Fisi Aliyevaa Katambuga

Nyuma ya machinjio ya hapa Bunda kuna banda la bati ambamo ngozi za ng'ombe hutandazwa chini na kumwagiwa chumvi, zikisubiri lori la kuzibeba. Mimi nauza vitenge sokoni, na njia yangu ya mkato ya kurudi nyumbani inapita hapo. Wenzangu wakifika pale huziba pua na kukaza mwendo. Mimi hutembea polepole, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Harufu ile ya ngozi mbichi, chumvi na damu iliyokauka ni ya mtu niliyemwogopa kuliko wote utotoni. Tumemzika majuzi, na tangu siku hiyo nikifika pale huwa nasimama kabisa, mpaka vijana wa bandani waniulize kama nimepoteza kitu.

Wewe uliyekulia pande za Mugeta kama mimi huhitaji kuelezwa fisi-mtu ni nini. Ni yule ambaye mchana analima pamba kama baba yako, anakunywa togwa, anasalimia watu vizuri, na giza likiingia anajigeuza na kwenda kutafuta mbuzi wa watu. Ishara zake tulizijua kuliko tulivyoijua hesabu ya kuzidisha. Mbwa hawambwekei. Ananuka. Anachechemea, kwa sababu fisi ameshuka kiuno na ule mwendo haumtoki hata akiwa mtu. Tena hucheka usiku bila sababu. Tuliambiwa kuna fisi aliwahi kuchomwa mkuki huko mbugani akakutwa amevaa kaptula, na kila mtu alikuwa na mjomba aliyeiona hiyo kaptula. Hadi leo sijakutana na hao wajomba.

Nyumbani kwetu tulikuwa wanawake watupu: bibi, mama na mimi, pamoja na mbwa dume aliyeitwa Askari. Bibi hakujaliwa mtoto. Mumewe alimfia akamwachia ng'ombe na jina, na kwa mila za kwetu jina halitupwi. Mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa. Ndiyo, bibi alimwoa mama. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, na msomaji wa mbali asije akawaza mengine: mama aliletwa azae watoto wa nyumba ile, na watoto hao waitwe kwa jina la marehemu mume wa bibi. Mwanamume wa kumzalisha hutafutwa kimya kimya. Anakuja usiku, anaondoka kabla hakujakucha, na hana dai lolote. Hata mtoto akifanana naye pua na vidole vya miguu, hana dai. Siku atakayosimama mbele za watu aseme huyu ni wangu, ameivunja nyumba ya watu.

Hayo yote mimi niliyajua nusunusu, kama watoto wanavyojua mambo. Nililolijua vizuri ni aibu. Shuleni nikiulizwa baba yangu ni nani nilitaja jina la mume wa bibi, na darasa zima lilicheka, maana kaburi la huyo baba yangu lilikuwa limeota mti mrefu kuliko mimi. Rafiki yangu Rhobi, tuliyepakana naye mashamba, alikuwa na Mama Rhobi na Baba Rhobi, wawili kamili. Mimi nilikuwa na Mama Nyangeta, basi. Duniani hakukuwa na mtu anayeitwa Baba Nyangeta. Nilikuwa nikisikia mtu akimwita mwenzake Baba Fulani kule barabarani, nainamisha kichwa kama niliyetukanwa.

Sasa huyo niliyemwogopa aliitwa Magesa, na alikuwa mtu wa ngozi. Alizinunua mnadani na majumbani kwa watu, akazitia chumvi, akazikunja nyuma ya baiskeli kwenda kuziuza mjini. Aliishi peke yake ng'ambo ya kijito. Mguu wake wa kushoto uliwahi kupigwa teke na fahali, kwa hiyo aliuburuza, na miguuni alivaa katambuga za tairi alizojichongea mwenyewe. Mbwa wote wa kijiji walimfuata wakitingisha mikia kwa sababu mfukoni hakukosa kipande cha nyama ya kukwangua kwenye ngozi. Angalia basi: ananuka, anachechemea, mbwa hawambwekei. Mtoto gani angehitaji ushahidi zaidi? Tukikutana naye njiani nilijificha nyuma ya mama, na mama naye aliinamisha uso. Nilidhani anaogopa kama mimi.

Nitalisema mapema, maana sipendi kumzungusha msomaji. Magesa alikuwa baba yangu. Mimi sikujua. Watu wazima nadhani walijua, au walikisia, ila jambo la namna hiyo kwetu halitamkwi.

Ziko siku bibi aliniita jioni mapema akasema, "Nyangeta, leo unalala kwangu. Fisi-mtu anapita." Mimi na mama tulilala nyumba moja, bibi alikuwa na yake upande wa pili wa ua. Nilibeba ngozi yangu ya kulalia nikaenda, nikajifunika gubigubi, na bibi akanikataza kutoka hata kwa haja. Askari hakubweka. Halafu kutoka nyumba ya mama nikasikia kicheko, cha chini, kinakatika na kuanza tena. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akicheka hivyo, basi nikaamua ni fisi. Asubuhi nilimkuta mama amefagia ua wote na anaimba, nikamshukuru Mungu kwamba hajaliwa.

Rhobi ndiye aliyenifundisha habari ya majivu. Alisema ukiyamwaga langoni jioni, asubuhi utaona nyayo za kweli za aliyepita. Tena alisema, fisi-mtu akiwa anaondoka ukimmwagia majivu kwenye nyayo zake, njia inampotea, hawezi kurudi tena kwako. Nilichota majivu jikoni nikayatandaza langoni siku ile ile bibi aliponiita kulala kwake. Kulipokucha nilikuwa wa kwanza kutoka. Nyayo zilikuwepo, za katambuga, mistari ya tairi imejichora vizuri, na ule wa kushoto umeburuzwa.

Nilimwita bibi aje aone. Alisimama na ufagio mkononi, akaziangalia, kisha akaanza kuzifagia.

"Umeona?" akasema. "Anaingiaga fisi, anatoka mtu. Usimwambie yeyote."

Nikamwambia Rhobi kabla ya mapumziko ya uji.

Sijui kama maneno hayo yalifika kwa baba yake. Nimejiuliza mara nyingi. Rhobi mwenyewe nilimuuliza tukiwa watu wazima, akasema hakumbuki, na akabadilisha mazungumzo haraka mno.

Kisha zikaja katambuga. Asubuhi moja nilizikuta mlangoni kwa mama, ndogo, saizi yangu kabisa, kamba zake za ngozi ya ng'ombe ambayo bado ilikuwa na manyoya mekundu. Mama alikuwa amepiga magoti anazipangusa vumbi kwa pindo la khanga.

"Vaa mwanangu, umeletewa."

"Na nani?"

Mama alimtazama bibi. Bibi akasema, "Na mtu wa mnadani. Vaa uende shule."

Nilizinusa. Ilikuwa ile harufu. Kichwani mwangu yakajipanga yote: fisi ananipima miguu, ananitafuta, na hayo manyoya mekundu nani ajue yametoka kwa mtoto gani. Nilizivaa mpaka nyuma ya nyumba, nikazivua, nikazitumbukiza kwenye tundu la choo. Mama alipojua alinichapa, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunichapa. Alinichapa viboko viwili vitatu, halafu akakaa chini pale pale akalia yeye. Mimi nilikuwa nimesimama nasubiri aendelee. Nikienda shule nilienda peku, kama siku zote.

Kiangazi hicho fisi walizidi. Walitoka mbugani wakaingia mpaka kwenye mazizi, na zizi lililoumia zaidi lilikuwa la Baba Rhobi. Alipoteza mbuzi, akapoteza na ndama. Alikuwa mtu mwema Baba Rhobi, mpole, lakini mbuzi wake walikuwa wa ada ya mwanawe mkubwa, na hasira ilimbadilisha. Akaanza kuamka alfajiri kulinda. Alfajiri moja akakutana na Magesa kwenye kichochoro cha mashamba, upande wa kwetu, anaburuza mguu, shati lina damu ya ngozi aliyoibeba jana yake. Baba Rhobi alimpisha apite. Alirudi nyumbani akachukua filimbi ya sungusungu akaipuliza.

Mkutano ulifanyika mchana kwenye uwanja wa ghala la pamba. Sisi watoto tulipanda juu ya mizani ya kupimia pamba ili tuone. Wanawake walikaa upande wao, bibi na mama kati yao, na Magesa alisimamishwa katikati peke yake. Kofia yake ameishika kwa mikono miwili. Vijana walikuwa na fimbo, na wengine walikuwa wakinong'ona kwamba kijiji kingine huko mbele mtu kama huyu walimalizana naye kwa kiberiti.

Kamanda wa sungusungu alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya upole. Alimuuliza, "Magesa, alfajiri ile ulikuwa unatoka wapi?"

"Nilikuwa natembea, mzee."

"Unatembeaga wapi saa hizo, na mguu huo?"

"Natembea tu."

Baba Rhobi akaomba nafasi ya kusema. Alisema, "Mimi simwonei mtu. Mwenye shughuli ya halali ana mlango aliotokea. Magesa autaje huo mlango. Akiutaja na mwenye mlango akakubali, mbuzi wangu nitawalilia mwenyewe na yeye nitamwomba radhi hapa hapa."

Mimi niliyekuwa juu ya mizani nilikuwa nangoja aanze kuota manyoya. Leo ndipo naelewa kila mtu mzima pale alikuwa akingoja nini. Angetaja mlango wetu, angekuwa mzima. Lakini kuutaja ndiyo kudai. Angekuwa amesema mbele ya kijiji kwamba mtoto wa nyumba ile ni wake, na bibi angebaki na zizi lililopungua ng'ombe na jina la marehemu lisilo na mtu.

Nilimwona mama ananyanyuka. Alikuwa amefika nusu, goti moja chini, mdomo umefunguka. Bibi hakumtazama. Alinyoosha mkono akalishika pindo la khanga ya mama, akalizungusha kwenye kiganja mara moja, mara mbili, akavuta. Mama akakaa. Magesa aliona. Nina hakika aliona kwa sababu alikuwa anaangalia huko, na mimi nilifuata macho yake nikadhani anachagua wa kumla.

"Sina mlango," akasema.

Kamanda alishusha pumzi. "Basi umejihukumu mwenyewe, ndugu yangu."

Wakaamua atengwe. Asipewe moto, asipewe maji, asipewe chumvi, asisalimiwe, na ahame kabla jua halijazama. Wazee wakasema ashukuru, maana vijana walitaka mengine.

Jioni hiyo alipita barabarani akisukuma baiskeli yake, godoro na sufuria vimefungwa nyuma, na watoto wote wa kijiji walimfuata kwa mbali wakiimba nyimbo za kumzomea. Mimi nilikumbuka majivu. Nilikimbia nyumbani nikachota majivu, kopo zima lililokuwa la mafuta ya kupikia, nikarudi mbio, nikawapita wenzangu, nikampita hata Rhobi aliyekuwa mbele, mpaka nikawa nyuma yake kabisa. Nikamwagia nyayo zake. Nilikuwa karibu kiasi kwamba majivu yalimrukia kisigino.

Aligeuka. Nyuma yangu nilisikia miguu ya wenzangu ikitimka. Mimi sikukimbia, na si kwa ushujaa, miguu tu ilikataa. Akanitazama usoni, kisha akanitazama chini, miguuni.

"Uko peku," akasema. "Hapa pana miba, mama. Rudi nyumbani."

Basi, ndivyo alivyoniita, mama, kama baba anavyomwita binti yake mdogo. Halafu akashika usukani akaenda zake. Rhobi alitoka kichakani akanibebea kopo langu mpaka nyumbani, na wengine walitembea nyuma yangu wakinisifu. Sijawahi kusifiwa vile tena maishani. Nilimkuta bibi anapembua mtama nikamwambia nimemfukuza, nimemmwagia, hatarudi. Bibi akasema, "Vizuri," bila kuinua macho. Nyumba ya mama ilikuwa imefungwa kwa ndani. Hakupika siku hiyo wala ya pili yake, na mimi nikawaambia watu kwamba fisi alimwachia ugonjwa.

Fisi waliendelea kula mbuzi wa Baba Rhobi mwaka ule na uliofuata. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Bibi alitafuta mwanamume mwingine, kwa sababu mimi ni wa kike na nyumba ilikuwa inataka mvulana. Mama aliweka gogo nyuma ya mlango. Nilimsikia akimwambia bibi siku moja wakiwa kwenye jiwe la kusagia, kwa heshima zote, "Mama, ng'ombe zako nimeshazizalia. Huyu mmoja anatosha." Bibi akaendelea kusaga. Waliishi hivyo, wakipika chungu kimoja na kusemezana habari za kuni na maji tu, mpaka bibi alipofariki. Simlaumu bibi kama ninavyotakiwa kumlaumu. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani akakishikilia kwa pindo la khanga, na hata hivyo kikampotea, maana jina lile limeishia kwangu na mimi nimeolewa mjini.

Ukweli niliupata tukiwa tunachuma pamba, mimi na mama, wakati posa yangu imeletwa. Alisema bila kuacha kuchuma, "Kuna mtu wa kuambiwa kwamba unaolewa. Yuko Rukuba kisiwani. Ni Magesa."

"Yule fisi?" nikasema.

Mama alisimama. "Usirudie tena."

Akanieleza yote, yeye anachuma mstari wake na mimi wangu. Ningependa kuandika hapa kwamba nililia, kwamba nilipanda mtumbwi wiki ile ile. Hapana. Nilichuma pamba mpaka gunia likajaa, na nilichokisikia moyoni ilikuwa aibu ile ile ya shuleni, mpya kabisa. Nilikuwa nimezoea kuwa mtoto wa kaburi, sasa nimekuwa mtoto wa fisi. Nikamwomba mama tusiwaambie wakwe. Hatukuwaambia. Mume wangu amejua mwaka huu, msiba ulipotokea.

Na ningeweza kwenda. Kutoka hapa mpaka Musoma ni safari ya asubuhi. Kwa miaka nimekuwa nikishuka kule ziwani, mwalo wa Mwigobero, kununua dagaa, na wapo wachuuzi wa Rukuba ninaowajua kwa majina. Nimewauliza bei, nimewauliza upepo, nimewauliza kama sangara wamepungua. Siku moja nilimwuliza mama mmoja, "Huko kwenu kuna mzee mmoja anachechemea?" Akasema, "Wazee wanaochechemea ni wengi, unamtaka yupi?" Nikasema basi, nilikuwa nauliza tu. Nikalipia dagaa zangu nikapanda gari.

Simu ya msiba ilipigwa kwa mama. Namba yake aliipata vipi huyo aliyepiga, mama hakuniambia na sikumuuliza. Aliniambia tu, "Vaa, twende," na mara hii nilivaa.

Tulivuka na boti ya injini pamoja na magunia ya barafu. Mama alikaa mbele, khanga mbili mpya, mgongo umenyooka kama anayekwenda kuolewa. Kule Rukuba, tuliambiwa njiani, Magesa alikuwa mtu wa chumvi: alikausha samaki, akawatia chumvi, akawauzia wachuuzi. Kazi ile ile, ila safari hii mikononi mwake kulikuwa na sangara. Boti ilipokaribia harufu ya chumvi ilitufikia kabla hatujasikia sauti za watu, na mama akafumba macho.

Kijana mmoja aliingia majini mpaka magotini kutupokea. "Poleni na safari. Nyie ni wa msiba wa Baba Nyangeta?"

Nilidhani kuna misiba miwili. Nikafungua mdomo nimwambie hapana, sisi tumekuja kwa Magesa.

"Ndiyo," mama akasema. "Mimi ni Mama Nyangeta."

Yule kijana alimtazama, akavua kofia. Akamshika mkono kumshusha, na nikamsikia akipaza sauti kuelekea kambini, "Mama Nyangeta amefika." Watu walianza kuja. Wavuvi, akina mama wa dagaa, watoto. Kila mmoja alisema Baba Nyangeta hivi, Baba Nyangeta vile, na hakuna hata mmoja aliyetaja jina Magesa, kwa sababu wengi wao hawakulijua. Kisiwa kizima kilikuwa kimemwita kwa jina langu miaka yote hiyo. Kule hakukuwa na nyumba ya mtu ya kuivunja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mchanga na viatu vyangu vya mjini mkononi, nikatamani ziwa linifunike.

Tulimzika alasiri, juu kidogo, penye mawe. Waliposema watoto wa marehemu watangulie kutupa udongo, nilitangulia. Nilitupa polepole, kiganja kikiwa karibu na ardhi, ili usiruke.

Baadaye tulikaa kwenye mikeka nje ya kibanda chake, na mwanamke mmoja mzee, aliyekuwa akiwapikia wavuvi, akatuletea uji. Alimpa mama, akanipa mimi, halafu hakuondoka. Alichuchumaa mbele yangu akanikagua.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye Nyangeta. Ndiye uliyemfukuzaga fisi?"

Nilihisi mama ameacha kunywa.

"Baba yako alikuwaga anatusimulia," akasema. "Watoto wa hapa wakiogopa giza, lazima awaambie hiyo. Anasema, binti yangu alikuwa mdogo hivi, anawaonyesha kwa mkono. Wenzake wote wamekimbia, fisi yuko mbele yake, na yeye amesimama peke yake na kopo la majivu. Peku, alisema, peku kwenye miba. Alikuwa akifika hapo anacheka mwenyewe. Anasema, binti yangu hana woga kabisa." Akageuka kuwatazama wenzake waliokuwa wamesogea kusikiliza, kisha akanirudia. "Sisi tulimwambiaga Baba Nyangeta unatunga, hakuna mtoto wa hivyo. Sasa umekuja mwenyewe. Hebu tuambie, ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

"Na huyo fisi hakurudi tena?"

"Hakurudi."